Afya ya Akili Mjengoni: Muulize Mwenzako

*Yafuatayo ni maneno ya mshauri nasaha wa idara ya afya kwa mafundi, vibarua na wasimamizi wa ujenzi mjini Voi. Tumeyachapisha karibu kama yalivyosemwa, ili yawafikie pia wenzao wa Mwatate, Wundanyi na Taveta.*

Asanteni kwa kuweka karai chini. Najua saa moja mjengoni ni pesa. Nimemwomba msimamizi saa hii isikatwe kwenye malipo ya mtu yeyote, naye amekubali mbele yenu. Kwa hivyo keteni bila wasiwasi.

Sikuja kuwaambia kwamba mna wazimu. Nalisema hilo mapema kwa sababu nilipofika nimeona wawili pale nyuma wakisoma beji yangu na kucheka. Si neno, hata mimi ningecheka. Wengi wetu tukisikia "afya ya akili" tunamfikiria mtu anayetembea kando ya barabara ya Mombasa akiongea peke yake. Huyo ni mgonjwa, na anastahili matibabu kama mwenye malaria. Lakini leo nataka tumzungumzie mwingine. Nataka tumzungumzie yule anayefika kazini kila siku saa moja kasoro, anachanganya simiti, anapandisha mawe, analipwa na kwenda zake, na hakuna anayejua kwamba hajalala usiku wa tatu sasa.

Nitawaeleza kisa kimoja. Mwenyewe amenipa ruhusa, ila jina lake na mahali alipofanya kazi sitataja. Ni fundi wa mawe, mtu wa miaka arobaini na kitu, anayesifika kwa kuta zilizonyooka. Siku moja alianguka kutoka kwenye jukwaa akavunjika mkono. Alikaa nyumbani miezi mitatu. Kontrakta alimpa pesa ya hospitali siku ya kwanza, na baada ya hapo hakupokea simu. Watoto wakarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Akachukua mkopo wa simu, kisha akachukua wa pili ili kulipa ule wa kwanza.

Aliporudi kazini mkono ulikuwa umepona, lakini mwenye mkono hakuwa yule yule. Zamani alikuwa mtu wa utani, sasa alikula peke yake nyuma ya rundo la kokoto. Akipanda jukwaani magoti yalitetemeka, na aliona haya kusema kwamba anaogopa. Jioni akawa anapitia kwenye pombe kabla ya kufika nyumbani, ili apate usingizi.

Ijumaa moja, kazi ilipoisha, alimwita kijana aliyekuwa akimfundisha kazi. Akampa mwiko wake, timazi na pima maji. Akamwambia, "Chukua hizi. Mimi nimechoka nazo." Kijana alifurahi, akashukuru, akaondoka. Alipofika stendi ya matatu akaanza kujiuliza. Fundi anaweza kukupa chakula chake, anaweza kukupa nauli. Lakini fundi hampi mtu pima maji yake. Kijana akageuka akarudi.

Alimkuta nyumbani, amekaa gizani. Akamwambia, "Shikamoo, fundi. Nimerudi kuuliza. Jumatatu utajenga na nini?" Yule fundi hakujibu. Kijana akakaa chini. Hakuhubiri, wala hakumwambia ajikaze. Alikaa tu. Ilipofika karibu saa nne usiku, fundi akasema jambo ambalo hata mkewe alikuwa hajamwambia: kwamba hakutarajia kuiona Jumatatu. Alikuwa ameamua kujitoa uhai. Kijana hakuondoka usiku ule. Asubuhi walikuja hospitalini watu watatu, fundi, mkewe na kijana. Hapo ndipo mimi nilipomjua.

Leo fundi huyo anafanya kazi. Bado ana deni, na bado kuna siku ambazo ni nzito kwake. Lakini yupo, na watoto wake wana baba.

Kijana yule hakuwa na cheti cha ushauri nasaha. Alichokuwa nacho ni kwamba alimjua mwenzake, akaona kitu kimepinda, akauliza. Hilo ndilo jambo moja nililokuja kuwaomba leo. Mengine yote nitakayosema ni ya kulisaidia hilo.

Woga si aibu

Watu wa mjengo huambiwa kwamba mwanamume haogopi. Hebu tutazame historia ya hapa kwetu. Mwaka 1898 reli ya kutoka Mombasa ilifika mto Tsavo, si hata saa moja kwa gari kutoka hapa Voi. Wafanyakazi wengi walikuwa wametoka India, na wengine walikuwa Waafrika. Simba dume wawili wakaanza kuingia kambini usiku na kuwakokota watu kutoka kwenye mahema. Jambo hilo liliendelea kwa miezi. Desemba ya mwaka huo, wafanyakazi kwa mamia walisimamisha treni, wakapanda wakakimbilia pwani. Ujenzi wa daraja ukasimama kwa wiki tatu hivi, mpaka simba wale walipouawa na msimamizi wa daraja aliyeitwa Patterson.

Simba hao leo wako katika jumba la makumbusho huko Chicago, Marekani, na watu hulipa kiingilio kwenda kuwatazama. Kuna vitabu na filamu juu yao. Lakini wale wanaume waliolala wakisikiliza hema la jirani likiraruliwa, ni nani aliyewauliza baadaye kama wanalala? Waliorudi kazini walirudi kubeba vyuma vilevile, mahali palepale.

Hawakuwa waoga. Walikuwa watu wenye akili timamu waliokuwa mahali pa hatari. Woga ni kengele ambayo Mungu ameiweka ndani ya mwili. Shida huja pale ambapo hatari imepita na kengele inaendelea kulia. Mtu alianguka miezi sita iliyopita, lakini kila akifunga macho anaanguka tena. Mwingine alimwona mwenzake akifukiwa na udongo shimoni, na mpaka leo akisikia udongo ukiporomoka moyo unamwenda mbio. Huo ni ugonjwa unaojulikana na unaotibika. Mwenye nao hajakosa ujasiri.

Kwa nini mjengo ni mzito

Wengine hapa mlifanya kazi kwenye reli mpya ya SGR, ambayo treni zake za abiria zilianza mwaka 2017. Mnayajua maisha ya kambini, mbali na mke na watoto. Na mnajua ilivyokuwa kazi ilipokwisha. Mwezi mmoja una mshahara na watu wanakuita bosi, mwezi unaofuata unasimama kando ya barabara asubuhi ukingoja lori la mtu anayetafuta vibarua.

Hilo ndilo zito la kwanza: hujui kesho. Kibarua hawezi kupanga karo ya muhula kwa pesa asiyojua kama ataipata. La pili ni mwili. Mgongo na magoti huuma, na mtu anayeumwa kila siku hukasirika upesi na hulala vibaya. La tatu ni hatari yenyewe, urefu, mashimo, umeme, na jua letu hili. Hapa kwetu kuna na ndovu, kwa sababu zaidi ya nusu ya kaunti hii ni mbuga ya Tsavo. Wapo kati yenu wanaotoka nyumbani alfajiri wakitazama njia kabla hawajatazama saa. La nne ni kimya. Tunafanya kazi pamoja miezi minane, tunajua timu ya mpira ya kila mmoja, lakini hatujui ni nani amefiwa na mtoto.

Haya si ya Voi peke yake. Uingereza, Marekani na Australia wamechunguza wakakuta kwamba wafanyakazi wa ujenzi hufa kwa kujitoa uhai kuliko watu wa kazi nyingine nyingi. Huko Queensland, Australia, mwaka 2008 walianzisha mpango unaoitwa MATES in Construction. Hawakuanza kwa kujenga hospitali. Walianza kwa kuwafundisha wafanyakazi wa kawaida palepale mjengoni kumtambua mwenzao aliyebadilika, kumuuliza, na kumfikisha kwa mtu wa kumsaidia.

Karibu nasi zaidi, nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliona wagonjwa ni wengi na madaktari wa akili ni wachache mno. Kuanzia mwaka 2006 aliwafundisha akina nyanya kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Huko wana neno lao, kufungisisa, maana yake kufikiria kupita kiasi. Sisi hapa tunasema, "Yule ana mawazo mengi." Ni ugonjwa uleule. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kwa hivyo akina mama wa chakula, nanyi mnisikilize. Ninyi mnajua ni nani ameacha kumaliza ugali wake. Mnajua ni nani anakopa chakula wiki nzima wakati zamani alikuwa akilipa taslimu. Mara nyingi mnajua kabla ya foremani.

Dalili za kuangalia

Kabla ya kupanda jukwaani unalikagua. Unatikisa mti, unaangalia kamba, unaangalia mbao zimekaa vipi. Mwenzako naye mkague namna hiyo.

Angalia aliyebadilika. Mkimya wa siku zote si lazima awe mgonjwa, lakini msemaji aliyenyamaza, huyo mfikirie. Angalia asiyelala, au anayelala kila penye kivuli. Angalia aliyeacha kula, aliyekonda, aliyeacha kuoga. Angalia aliyekuwa makini akaanza kukosea vipimo, kusahau kufunga kamba, kugombana kwa jambo dogo. Angalia anayelewa kabla ya jua kuzama. Angalia anayesema maneno kama "mimi ni mzigo tu," au "mkinikosa msinitafute." Na angalia anayegawa vitu vyake vya thamani, au anayeaga watu bila safari.

Kila mtu ana siku mbaya, na ukifiwa utahuzunika, huo si ugonjwa. Sisi hospitalini huuliza juu ya wiki mbili zilizopita. Ikiwa mtu hana furaha na chochote, hana nguvu, hana usingizi, na hali hiyo imedumu karibu kila siku kwa wiki mbili, aje tumwone. Lakini akitaja kujiua, usingoje wiki mbili. Ni leo.

Jambo jingine ambalo watu wa mjengo wanalijua kuliko sisi: mtu aliyegongwa kichwa. Akiwa ameanguka au ameangukiwa na jiwe, kisha siku zilizofuata akawa mkali, msahaulifu au mwenye kuumwa kichwa, hiyo inaweza kuwa dalili ya jeraha ndani ya kichwa. Msiseme ana tabia mpya. Mleteni hospitali.

Namna ya kuuliza

Usimuulize mbele ya watu. Ngoja wakati wa chai, au tembea naye kuelekea stendi. Anza na ulichokiona: "Ndugu yangu, siku hizi huli na sisi. Nimeona. Kuna nini?" Akisema "hakuna kitu," usigombane naye. Mwambie, "Sawa, ila nimeona, na kesho nitauliza tena." Kisha kesho uulize kweli.

Akianza kusema, nyamaza. Hapo ndipo tunapokosea. Mtu anatoa neno la kwanza, na sisi tayari tumeshamkatiza: "Jikaze, wewe ni mwanamume." Au, "Wako wenye shida kuliko yako." Au tunaanza kusimulia zetu. Maneno hayo hufunga mlango. Sema machache tu: "Pole. Endelea, nakusikia."

Ukihofia kwamba anafikiria kujitoa uhai, muulize wazi: "Je, umefikiria kujiua?" Najua swali hilo linatisha. Wengi huamini kwamba ukilitaja utampa wazo hilo. Si kweli. Kuuliza hakumtii mtu wazo kichwani. Mara nyingi mwenye nalo hupumua, kwa sababu hatimaye yupo mtu anayeweza kulisikia.

Akijibu ndiyo, mambo ni manne. Usimwache peke yake. Ondoa karibu naye kitu chochote anachoweza kujidhuru nacho. Mwite mtu wa pili anayemwamini, ndugu, mke, mzee wa kanisa au wa msikiti. Kisha mfikishe hospitali, usiku au mchana. Na akikuomba umwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, usiahidi. Mwambie, "Siri zako nyingine nitazitunza. Hii ya uhai wako siwezi kuibeba peke yangu."

Ukifika hospitalini

Mtu akisikia ushauri nasaha hudhani ataenda kukaripiwa, au kudungwa sindano ya kumlaza. Sivyo. Unaweza kuanza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Ukimjua mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, anza naye, atakuongoza. Palipo na haja utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Voi. Ikiwa maisha yamo hatarini, pita zahanati zote na uende moja kwa moja idara ya dharura.

Utakaa na mtu mmoja chumbani. Atakuuliza unalalaje, unakulaje, kazi ikoje, nyumbani kukoje, unakunywa kiasi gani. Anaweza kukupima malaria, sukari au mengine, kwa sababu mwili ukiugua akili nayo huyumba. Wengine huhitaji mazungumzo peke yake, mara kadhaa. Wengine huhitaji na dawa. Dawa za huzuni ya muda mrefu hazifanyi kazi siku moja kama ya kuumwa kichwa, huchukua wiki kadhaa, kwa hivyo usiziache siku ya nne ukisema hazifai. Nyingine huleta usingizi mwanzoni. Mwambie daktari kwamba wewe ni mtu wa kupanda juu, na umwombe msimamizi akuweke kazi ya chini mpaka mwili uzoee.

Utakayoyasema ni siri. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022, inalinda siri ya mgonjwa, na inazipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Hatukufanyii hisani.

Wengine wanaogopa polisi. Ni kweli, kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema kwamba kujaribu kujiua ni kosa, na adhabu yake ilifika kifungo cha miaka miwili. Watu walificha, na familia zikadanganya hospitalini kwamba ni ajali. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hivyo mleteni mtu wenu na semeni ukweli. Daktari akiujua ukweli ndipo anaweza kutibu.

Kuhusu malipo, kila mmoja ajisajili na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Aliyejisajili anahudumiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma. Usingoje kuugua ndipo utafute kitambulisho.

Juu ya pombe na muguka

Sitawahubiria. Ninajua kwa nini mtu anakunywa mnazi au mbangara baada ya kazi, na kwa nini mwingine anatafuna muguka ili amalize zamu. Nitasema yale ninayoyaona kazini kwangu. Pombe humlaza mtu saa ya kwanza, kisha humwamsha saa nane za usiku, na mawazo ya saa hiyo ni mabaya kuliko ya mchana. Muguka humfanya aliyechoka asijue kwamba amechoka, mpaka ajikwae juu ya jukwaa. Na watu wengi wanaojidhuru hufanya hivyo wakiwa wamelewa, wakati breki za akili zimelegea.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Anaweza kutetemeka, kuona visivyokuwepo, hata kupata kifafa. Aje hospitali asaidiwe kuacha kwa usalama. NACADA wana simu ya bure, 1192.

Kwa wasimamizi na makontrakta

Nimewaacha ninyi karibu na mwisho, si kwa sababu hamna neno. Mshauri nasaha hawezi kuponya njaa. Mtu ambaye hajalipwa wiki tatu, dawa yake ya kwanza ni malipo yake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtambua kibarua wa siku kuwa mtu anayelipwa mwisho wa siku. Aliyekufanyia kazi mfululizo kufikia mwezi mmoja, sheria haimhesabu tena kama kibarua wa kutwa. Aliyefikisha miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa yenye malipo akileta cheti cha daktari, angalau siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu, katika mwaka. Ugonjwa wa akili nao ni ugonjwa. Na kifungu cha 5 cha sheria hiyo kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya hali yake ya akili. Mtu akikuambia "naumwa na mawazo," kumfukuza si jibu, na sheria haiko upande wako.

Mtu akiumia, Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ile mnayoiita WIBA, inakutaka uripoti kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7, na ndani ya saa 24 akifariki. Naye mfanyakazi asingoje, kwa sababu dai la fidia linatakiwa lipelekwe ndani ya miezi 12 tangu ajali. Mnakumbuka kisa cha yule fundi. Mkono ulipona kwa miezi mitatu. Lililomwangusha mara ya pili ni karo, deni, na simu isiyopokelewa. Kama fidia ingefuatwa, huenda nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria inataka kuwe na kamati ya usalama na afya. Iwekeni afya ya akili kwenye ajenda yake. Asubuhi mnapokumbushana helmeti na viatu, ongezeni swali moja: nani hakulala?

Na akifa mtu mjengoni, Mungu apishe mbali, msioshe damu na kuendelea kumwaga konkriti saa hiyo hiyo. Simamisheni kazi. Wapeni walioshuhudia maji na mahali pa kukaa, na muwasaidie kupata watu wao. Anayetaka kusema asikilizwe, asiyetaka asilazimishwe. Wengi watapata nafuu wenyewe wakiwa na watu wao. Wasiopata nafuu baada ya wiki kadhaa, waleteni kwetu.

Kabla hamjaondoka

Ndugu zangu, sitawapa mtihani. Nawaomba kitu kimoja. Kila mmoja amfikirie mwenzake mmoja tu aliyebadilika mwezi huu. Msimtaje hapa. Kabla ya Jumamosi mtafute, tembea naye, umuulize. Kama huyo mtu ni wewe mwenyewe, basi chagua mtu mmoja umwambie maneno haya matatu: "Mimi siko sawa." Hayo yanatosha kuanzia.

Na usiku, ukiwa huna wa kumwambia, piga 1199. Ni simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, na kuna watu wa kukusikiliza.

Yule kijana niliyewasimulia aliniambia kwamba njiani akirudi kwa fundi wake alikuwa na aibu. Aliogopa ataonekana anadharau zawadi, au anaingilia mambo ya mtu mzima. Alikaribia kugeuka mara mbili. Ukihisi aibu hiyo, jua kwamba hata yeye aliihisi, na bado alikwenda.

Mimi nitakuwa pale chini ya mwarobaini mpaka saa saba. Atakayetaka kuja aje, hata kama ni kuniuliza habari za magoti. Mungu awalinde juu ya majukwaa na chini yake.